Mke wa Mabati

Wiki jana tulimwacha Rispa goti moja liko juu ya kitanda kipya, mguu wa pili bado sakafuni, na sauti imepasuka nyuma yake: "Shuka! Shuka haraka kabla hujatumaliza!"

Kuna wasomaji walidhani ni nyoka. Mmoja wa Oyugis amenitumia salamu kwamba lazima ni bomu lililosahauliwa na Waingereza. Hapana, bwana. Alikuwa ni Monicah, jirani, mwanamke wa kusuka vikapu ambaye hajawahi kukanyaga kiwanja cha kanisa ila siku za kuchimba msingi, maana siku hizo palikuwa na chakula.

"Nishuke kwa nini?" Rispa akauliza, ameshika tumbo. "Kitanda si cha wajawazito?"

"Kitanda ni cha wajawazito. Lakini nyumba ni ya mama mkwe wako."

"Mama mkwe wangu si yule pale nje?"

"Yule ni wa kwanza," Monicah akasema. "Hii ni ya wa pili."

Rispa akashuka kama aliyekalia moto.

Haya. Kwa ninyi mliofungia dagaa wa omena gazeti la wiki jana, nitasema mara moja tu. Kanisa la Mlimani hapa Kosele limeungana na majirani wake wasiosali, wakajenga nyumba ya kujifungulia kwa Harambee. Kanisa lilitoa mabati na saruji. Majirani walitoa mawe, mchanga na migongo yao. Mzee Javan, mzee wa kanisa, akatoa mahali ndani ya boma lake. Leo afisa wa afya anakuja na Landrova kutoka Homa Bay, na mkunga yuko ndani ya gari. Akikuta nyumba inatumika, mkunga anabaki. Akiikuta tupu, mkunga anapelekwa Uriri, na sisi tutabaki tukifuga popo.

Na Rispa, mke wa Onyango mtoto wa Javan, ameshazika watoto wawili. Wote walizaliwa njiani kwenda hospitali, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na wote Javan aliwachimbia kaburi kwa mikono yake kwa sababu Onyango yuko Kericho anachuma chai. Sasa wa tatu amefika mlangoni. Hilo sifanyii mzaha.

Mchungaji Nchagwa akaja mbio, kola imepinda. Yeye ni Mkuria kutoka kule mpakani, mtu mwema, lakini mwaka mmoja Kosele haujamtosha.

"Kuna nini tena, Mama Monicah?"

"Pasta, nani alichagua mahali pa kujenga?"

"Mimi. Palikuwa tambarare."

"Kando ya nyumba ya Zilpah, mke wa Javan, mlango unatazama lango?"

"Ndiyo. Hewa inaingia vizuri sana."

"Hewa!" Monicah akapiga makofi. "Yawa, njooni msikie! Pasta amemjengea Javan mke wa pili kwa sababu ya hewa!"

Majirani wakajaa uani. Kwa Wajaluo, msomaji, nyumba haikai ovyo ndani ya boma. Mke wa kwanza anatazama lango. Wa pili anajengewa kando yake. Vijana wanajenga karibu na lango. Ukifika tu unajua nyumba ni ya nani kabla hujapiga hodi. Mkamwana anaweza kuingia kwa mama mkwe wake, akafagia, akapika, akakaa. Kulala kitandani kwake ni mwiko, na anayevunja mwiko huo anaiita chira: watu wanakonda bila ugonjwa na watoto wanaisha bomani.

"Mzee Javan!" Mchungaji akaita. "Kwa nini hukuniambia?"

Javan alikuwa ameegemea ukuta, kofia mkononi. "Pasta, ulisimama pale ukanyoosha mkono ukasema, 'Bwana amenionyesha mahali hapa.' Sasa mimi nibishane na Bwana?"

"Nilikuwa nasema tu!"

"Nami nikanyamaza tu. Nikajiambia, bila mwanamume kulala ndani, itabaki nyumba ya kawaida."

Monicah akamkazia macho. "Na nani alilala ndani?"

Wanakamati wa ujenzi wakaanza kutazama mabati, mmoja baada ya mwingine.

"Kamati ilimwagiza," akasema Elijah, karani wa kanisa, mtu anayezijua kanuni kuliko anavyowajua watoto wake. "Tulipomaliza kuezeka tuliogopa wezi. Tukasema mzee alale humo alinde mabati."

"Blanketi langu!" Zilpah akapiga ukelele toka jikoni, mwiko mkononi. "Alichukua blanketi langu! Nikamwuliza, Baba Onyango, unakwenda wapi? Akasema, kazi ya kanisa!"

"Ilikuwa kazi ya kanisa," Javan akasema.

"Kazi ya kanisa, na ulirudi asubuhi unapiga mluzi!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Zilpah hakucheka. Mwezi mzima alikuwa akiitazama ile nyumba mpya inavyong'aa, na yake ya nyasi inavuja pembeni, na moyo wake ulimuuma kweli.

Elijah akakohoa. "Mchungaji, kuna jambo. Kwa kanuni zetu, mzee mwenye wake wawili hakaribii Meza ya Bwana."

"Elijah, unataka nimtenge mzee wa kanisa kwa kuoa jengo?"

"Kanuni haikusema mke awe wa nyama au wa mabati."

"Toka mbele yangu, Elijah."

"Natoka. Lakini nimesema."

Wakati unakwenda na Landrova inakuja. Mchungaji akasema aletwe mjamzito mwingine. Monicah akamwuliza, yupi? Wote walio na mimba hapa wameolewa na watoto wa ndugu za Javan. Wote ni wakamwana wake. Nyumba yote ile ya kuzalia, na hakuna wa kulala ndani yake.

"Basi aiache!" Mchungaji akasema. "Mzee, iache nyumba. Sema tu umeiacha."

"Imekosa nini?" Javan akauliza.

"Vipi, imekosa nini?"

"Mke haachwi bure, Pasta. Lazima kuwe na kosa."

"Haipiki!" mtu akapendekeza.

"Mlijenga bila jiko," Monicah akajibu. "Kosa lenu hilo, msimsingizie mwenzenu."

Rispa alikuwa amekaa kwenye majani, mgongo ukutani, jasho linamtiririka. Mchungaji akamchutamia. "Binti yangu, wewe unaamini mambo haya? Wewe umebatizwa."

"Nimebatizwa, Pasta. Hata wale wawili walibatizwa, walipokuwa wameshakufa." Akafuta uso. "Siwezi. Huyu akifa, watasema nilijua, na mimi nitasema hivyo hivyo. Siwezi kulala humo."

Na hapo hapo, huko barabarani, honi.

Landrova imefika kabla ya saa yake! Tangu lini mtu wa serikali akawahi?

"Weka mtu kitandani!" Elijah akanong'ona. "Yeyote! Ambaye si mkamwana!"

Macho yote yakamgeukia Zilpah.

"Mimi? Nina wajukuu kaburini na magoti yamekufa!"

"Mama Onyango, ni dakika chache tu. Aone blanketi limeinuka, aende zake."

"Huo ni uongo," Mchungaji akasema.

"Pasta, ni mto," Monicah akasema. "Sisi tutaweka mto. Uongo atausema yeye mwenyewe kichwani mwake."

Kabla Mchungaji hajapata aya ya kumjibu, Zilpah alikuwa kitandani, blanketi hadi kidevuni, mto wa manyoya tumboni. Akaangaza macho juu. "Dari nzuri," akasema kwa uchungu. "Mimi naangaliwa na mchwa."

Bwana Bichage, afisa wa afya, aliingia na kaptura iliyopigwa pasi. Nyuma yake alikuwa Milka, mkunga, msichana mrefu aliyebeba sanduku lake mwenyewe. Mchungaji alibaki mlangoni akiomba kimoyomoyo asiulizwe chochote.

"Vizuri, vizuri," Bichage akasema. "Nyumba inatumika. Huyu mama ana umri gani?"

"Kama Sara," Elijah akajibu.

"Sara yupi?"

"Wa Biblia."

Bichage akamtazama Zilpah vizuri. Zilpah akajaribu kuguna kama mwenye uchungu, lakini ilitoka kama kikohozi. Milka akatoa ile pembe ya kusikilizia, akaiweka juu ya tumbo, akaweka sikio. Akasikiliza. Akahamisha pembe. Akasikiliza tena, na uso ukabadilika.

"Bwana Bichage, hakuna moyo. Sisikii kitu chochote. Huyu mama lazima apasuliwe leo!"

"Mpakieni kwenye gari!" Bichage akaamuru. "Moja kwa moja tiata!"

"Kupasuliwa?" Zilpah akakaa wima. "Kupasuliwa nani?" Akaruka chini na yale magoti yaliyokufa, mto ukamtangulia, ukapasuka kwenye kiatu cha Bwana Bichage. Manyoya ya kuku yakajaa nyumba ya Bwana.

Bichage alitoa unyoya mdomoni. Alipoanza kusema hakupiga kelele, na hapo ndipo watu walipoogopa.

"Mchungaji. Nimetoka Homa Bay kwenye vumbi lile, ili nioneshwe mto?"

"Bwana Afisa, nitaeleza."

"Kawaeleze washirika wako. Milka, funga sanduku. Uriri wana nyumba, tena wana wanawake ndani yake."

Milka akafunga sanduku. Javan akasimama mbele ya Landrova, mikono imenyooshwa, na nadhani angekanyagwa vile vile kama Rispa hangelia.

Hakulia kwa sauti kubwa. Aliita tu, "Mama," na maji yakamwagika kwenye majani.

Milka alitupa sanduku akamfikia wa kwanza. Akampima, akainua kichwa. "Mtoto yuko karibu sana. Mwingizeni ndani."

"Ndani hapana," Rispa akasema.

"Basi kwenye gari, twende Homa Bay," akasema Bichage, na hasira imemtoka.

"Njiani hapana!" Rispa akamshika Milka mkono. "Njiani nimeshazaa. Njiani najua panavyoishia. Niacheni hapa kwenye majani."

"Kwenye majani na vumbi? Utapata pepopunda, wewe na mtoto!" Milka akageuka. "Watu gani hawa? Mmejenga nyumba, mnazalia nje?"

Javan akapiga magoti. Mkwe hasogei karibu na mkamwana aliye katika hali ile, kwa hiyo alipiga magoti mbali, akiangalia upande mwingine. "Mama," akasema, "ingia. Chira inipate mimi. Nimeshaishi."

"Haichagui, Baba," Rispa akajibu. "Mara mbili haikukuchagua wewe."

Hata Monicah akaangalia chini.

Aliyeingilia kati hakutegemewa na mtu. Bibi Nyangi, mama mzazi wa Mchungaji, aliyekuja kutoka Ukuria kuona nyumba ya mwanawe ikifunguliwa, alikuwa amekaa tangu asubuhi akivuta kiko chake na kutoelewa kelele zote ni za nini. Sasa mtu alikuwa amemwelewesha.

"Nchagwa," akamwita mwanawe, "hawa watu hawana mama wa kuoa?"

"Mama, si sasa."

"Ni sasa. Kwetu mwanamke anaoa mke. Anatoa mahari yake, analeta msichana nyumbani, anamwita mkamwana wake. Si kweli?"

"Ni kweli, Mama, lakini..."

"Basi huyu mama wa blanketi aioe hii nyumba. Mzee aiache, mke wake aichukue. Itakuwa mkamwana wa huyu mama. Itakuwa sawa na huyu mtoto anayeumwa. Mkamwana halali kwa mkamwana mwenzake?"

Vichwa vyote vikageuka kwa Monicah. Monicah akafikiri, midomo inacheza. "Kwa mkamwana mwenzake? Huko analala hata mchana."

"Hiyo ni sheria ya Wakuria!" Elijah akasema.

"Na kanisa ni la Pasta, na Pasta ni Mkuria," Monicah akamjibu. "Binti hufuata sheria ya kwao."

"Hata kwetu Kisii iko," Bwana Bichage akasema polepole, kisha akashtuka kusikia amesema. "Nyanya yangu alioa wawili."

Sasa ikabaki kwa Zilpah. Alisimama mlangoni, manyoya kwenye nywele. Aliitazama nyumba iliyomwibia usingizi mwezi mzima, akamtazama Rispa kwenye majani.

"Naichukua," akasema. "Naioa. Javan, umeiacha?"

"Nimeiacha!"

"Na usipige mluzi tena."

"Mahari!" Monicah akadai. "Bila mahari ni wizi!"

Zilpah akamkamata jogoo aliyekuwa anapita na shughuli zake, akamtupia Mchungaji kifuani. "Kanisa ndilo baba yake. Shika."

"Na sisi tuliobeba mawe?" majirani wakafoka. "Sisi si kitu?"

"Ninyi ni wajomba!" Mchungaji akapiga kelele, jogoo anampiga mabawa usoni. "Majirani ni wajomba wa nyumba! Wajomba watakula pamoja na sisi! Mnakubali?"

"Tunakubali!"

"Basi kwa jina la, sijui hata nitumie jina la nani. Imeolewa! Rispa, ingia!"

Rispa akainuliwa na wanawake, akaingia, akapanda kitanda kwa magoti yote mawili. Mlango ukafungwa.

Waliobaki nje wakangoja. Javan alitembea kutoka ukuta hadi lango na kurudi. Bichage alisahau Uriri, akawa anatafuna ukanda wa kidevuni wa kofia yake. Elijah alikaa kando akinong'ona kanuni. Na ghafla, ndani, kitoto kililia, kilio cha hasira, cha mtu aliyekatizwa usingizi.

Javan alikaa chini pale pale alipokuwa. Akajifunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika, na hakuna aliyemwambia mwanamume halii.

Zilpah alikuwa ameanza kupiga kigelegele dirisha lilipofunguka. Alikuwa Milka, mikono imelowa. "Wa kwanza ni msichana, mzima. Kuna mwingine!"

"Mapacha!" Monicah akapaza sauti, si kwa furaha. "Funga dirisha! Hakuna mtu kutoka humo ndani, hakuna!"

"Mimi nina kazi Uriri," Milka akasema.

"Uriri watangoja. Aliyekutwa ndani na mapacha hatoki mpaka wachezewe ngoma na watukanwe. Pasta, mapacha wanapokelewa kwa matusi. Wakikuta watu wana adabu nje, wanajua hapa hawatakiwi, wanarudi walikotoka."

"Matusi? Kwenye nyumba ya kanisa?"

"Machafu. Ukiwa nayo."

Dirisha halijafungwa. Sauti ya Milka ikatoka tena, na safari hii ilikuwa nyembamba. "Wa pili ametoka. Mvulana. Hajalia." Kisha tukasikia makofi madogo madogo ya mkono kwenye ngozi, pa, pa, pa, na hakuna kilio.

"Baba!" Rispa akaita kutoka ndani. "Baba, imbeni! Tukaneni!"

Javan akatoa kofia usoni. Mzee huyu hajatamka neno chafu tangu abatizwe ziwani pale Homa Bay. Alisimama, akapiga mguu chini, akaanza kwa sauti ya kuongoza nyimbo za kanisa. Alianza na pua ya Pasta. Akashuka kwenye tumbo, ambalo alisema limemeza unga wa wajane. Akashuka zaidi, na huko mhariri amenikataza nimfuate.

Majirani wakaitikia. Monicah akamtukana Elijah na ukoo wake. Elijah akafumba macho, akafungua kinywa, na yaliyotoka humo yalionyesha kwamba miaka yote ya kanuni alikuwa akiyatunza mahali. Bichage, mtu wa serikali, akatukana kwa Kikisii, anaruka juu na kaptura yake. Zilpah alimtukana Javan kwa mambo ya kweli.

Mchungaji peke yake alisimama kimya, jogoo kwapani. Kijaluo chake ni cha kuhubiri tu, hakina tusi hata moja. Akatazama dirisha. Pa, pa, pa. Hakuna kilio.

Akamtupa jogoo. Akavua kola. Akaruka katikati ya watu akaanza kutukana kwa Kikuria, kwa sauti ya mchunga ng'ombe, mbele ya mama yake mzazi, na Bibi Nyangi akaziba masikio yote mawili na kiko kikaanguka.

Kisha pumzi ikawaishia wote kwa pamoja. Vumbi likatua. Kila mtu akatega sikio kwenye dirisha.

Kimya. Hata yale makofi madogo yamekoma.

"Nani amewaambia mnyamaze?" Milka akapiga kelele kutoka ndani. "Amechezesha mdomo! Endeleeni!"

Mchungaji Nchagwa akamgeukia mama yake, machozi na jasho usoni.

"Yangu yamekwisha, Mama," akasema. "Niongezee."